Maziwa ya Mama Friza

Ndugu waombolezaji, mimi ni kaka yake mkubwa, nimepewa karatasi hii niisome, ingawa Jumatatu asubuhi alinipigia simu akinitania kwamba kitambi changu kimefikisha miezi tisa, na leo nalazimika kumwita marehemu.

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1993, katika zahanati iliyo kando ya reli, akiwa kitinda mimba kati yetu wanne, akamaliza sekondari mwaka 2011, akajifunza ushonaji, na tarehe 4 Februari 2013 akaajiriwa katika kiwanda cha sare, meza ya kushona kola, ambayo hakuihama mpaka mwisho.

Tarehe 18 Agosti 2018 alifunga ndoa na fundi umeme huyu mnayemwona hapa mbele, wakajaliwa mtoto wa kiume mwaka 2020, ambaye tangu wiki ya kwanza alipewa maji na uji mwepesi, kwa sababu nyumba nzima, bibi yake mzaa baba akiwa mstari wa mbele, iliamini maziwa matupu hayashibishi, na mtoto akaharisha nusura tumpoteze.

Binti alipozaliwa, tarehe 3 Juni mwaka huu, marehemu alitangaza kwamba mpaka miezi sita mtoto hataonja kitu ila maziwa yake, hata maji hapana, mama mkwe akanuna, yeye hakurudi nyuma, na aliporejea kazini Septemba akawa anakamua maziwa stoo, katikati ya majora ya vitambaa, anayaleta nyumbani na kuyagandisha kwenye vikombe vya mifuniko, ndipo wenzake wakamwita Mama Friza, naye jina akalipenda.

Jumatatu tarehe 14 Oktoba, akiwa kwenye cherehani, alisema kichwa kinampasuka, akaanguka, madaktari wakatuambia ni mshipa wa ubongo uliopasuka, na Jumanne saa nne asubuhi akafariki, bila kuugua, bila kuaga. Hatuamini. Mtu yumo kwenye jeneza, na maziwa yake yamo kwenye friza. Jana shangazi zetu walitaka kutoa vile vikombe waweke soda za waombolezaji, wakamkuta mama mkwe ameweka kiti mbele ya friza, akawaambia atakayevigusa aanze kumgusa yeye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani, na wafanyakazi wenzake mliombeba mpaka kwenye gari, na tunawasihi mnaompakata mtoto, akilia msimpe maji wala biskuti kwa huruma, mrudisheni kwa bibi yake, maana maziwa yaliyobaki hayatafika Desemba, na daktari ameshatuelekeza juu ya yale ya kopo, lakini mpaka kikombe cha mwisho atakunywa ya mama yake.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, binti yako amekunywa asubuhi hii, ameshiba, amelala.