Maji ya Harub

Bismillahi. Sogeeni, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Laith, wewe mkubwa, kaa hapa mbele nikuone. Mazoon, binti yangu, kiache hicho kikombe, kahawa ikipoa haidhuru. Na wewe Basma, mjukuu wangu, shika karatasi uandike, kwa Kiswahili chako hicho hicho cha kuchanganya, usione haya, mimi nitakwenda polepole. Daktari kaniambia aliyoniambia na nyinyi mmeyasikia nyuma ya pazia, basi tusifichane. Nina jambo moja nataka mniahidi, na nyote mtaliona dogo mpaka mjue limetoka wapi.

Limetoka Kuba. Usicheke, Laith. Mnajua kuwa nilisoma huko, ile picha yangu ya kofia mmeiona, lakini mengine hamyajui kwa sababu sikutaka myajue. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, chama changu pale Unguja kikanipeleka Havana mimi na wenzangu kusomea kilimo, nasi tukajiona tumechaguliwa na dunia nzima. Wakatuweka katika nyumba kubwa ya watu waliokimbilia Marekani, sakafu ya vigae vya kijani, sahani zao bado zimo kabatini, na katika chumba nilichopewa mimi nguo za mtoto zimejaa kwenye saraka. Nikazitoa zile nguo nikazitia guniani, nikapanga zangu. Sikujiuliza huyo mtoto amelala wapi. Miaka sitini na zaidi imepita, na zile soksi zake ndogo bado naziona.

Palikuwa na mpishi, mama mmoja akiitwa Karidadi, aliyekuwa mtumishi wa hao wenye nyumba. Alilala miaka ishirini chini ya ngazi, kwenye kijumba cha mafagio. Serikali ikampa vyumba viwili vya chini viwe vyake, akalia, nasi tukampigia makofi, na mimi nilipiga kwa moyo wangu wote. Mpaka leo siwezi kusema tulikosea kumfurahia. Andika hilo, Basma, maana sitaki mtu aje aseme mzee alijuta kila kitu.

Kisha, Januari ya mwaka wa sitini na nne, redio ikatangaza kwamba kwetu kumepinduliwa. Nikapiga makofi tena, wanangu. Nilicheza siku nzima na wenzangu katika ukumbi wa watu wengine. Baada ya wiki sita ndipo nikapata khabari kwamba nyumba yetu ya mtaa wa Malindi, pale Unguja, imechukuliwa, na baba yangu, Khalaf, babu yenu, yumo kizuizini, na humo ndimo alimofia. Aliyenishika nisianguke ni Karidadi. Kihispania changu hakikutosha kumweleza, naye hakuuliza, alinikalisha jikoni akanikaangia ndizi.

Karidadi amekufa zamani. Binti yake, Yolanda, niliyemwacha akibebwa mikononi, sasa ni bibi mwenye wajukuu, yumo katika vyumba vile vile viwili, na tumekuwa tukiandikiana. Barua yake ya mwisho ilinifikia kabla ya Ramadhani. Anasema umeme hukatika kutwa, dawa hazipatikani, wanawe wawili wamehama, na watu sasa wanasema kwa sauti kwamba serikali ile haitafika mbali. Hilo halimtishi, amechoka kama walivyochoka wenziwe. Kinachomtisha ni kijana mmoja aliyekuja akasimama ng'ambo ya njia, akaipiga picha nyumba, madirisha yake, paa lake, hata ngazi. Yolanda akatoka kumuuliza, kijana akajibu kwa adabu: "Hii ni nyumba ya bibi yangu." Basi akaniandikia swali moja: "Taimur, wewe ulinyang'anywa nyumba, kisha ukarudi katika nchi ya wazee wako ukapata nyumba nyingine. Niambie, watu wakirudi hufanya nini?"

Sijamjibu. Kila siku Basma ananikumbusha na kila siku namwambia kesho. Sijamjibu kwa sababu jibu ninalo.

Sasa sikilizeni vizuri. Hii nyumba tuliyokaa, hapa Ibra, na shamba hili la mitende, nyinyi mmekua mkiambiwa ni urithi wa babu yangu Harub. Ni kweli. Harub alipotoka hapa Uarabuni kwenda Unguja kutafuta riziki alimwachia ndugu yake kila kitu amana, wakaandikiana waraka, na waraka ule babu akauweka katika sanduku, baba akauweka, nami nikaukuta kwa shangazi yenu mmoja Dubai. Nilipokuja mwaka wa sabini na moja, mama yenu ana mimba yako, Laith, na tuna mabegi mawili, aliyetufungulia mlango ni Shihab, mjukuu wa yule ndugu. Alitupa chumba cha juu, yeye na mkewe na watoto wakashuka chini. Wenziwe walituita Wazinjibari na kutucheka lugha yetu, yeye alitukalisha kwenye sinia moja na wanawe. Kwa miezi saba nilikula tende zake.

Na nikamshitaki.

Nilikuwa na elimu, nimepata kazi serikalini, najua maombi yanaandikwaje, naye Shihab alijua kusoma Kurani tu. Nikajiambia: Unguja nimenyang'anywa bila ya kuulizwa, hapa nina waraka, kwa nini nisichukue changu? Hasira ya Malindi niliitolea Ibra, kwa mtu asiyehusika. Kadhi akauliza ushahidi wa maji, maana shamba bila zamu ya falaj, mfereji wa maji wa mji mzima, si shamba. Akaitwa arifu wa falaj, yule anayegawa maji na kuita zamu za wenyewe. Arifu akaapa kwamba tangu enzi ya baba yake zamu ile huitwa maji ya Harub. Mmefahamu hapo, wanangu? Miaka sabini watu wale walizibua mfereji, walishuka chini ya ardhi kutoa mawe falaj ilipoziba, walibeba maji kwa vichwa mwaka wa ukame, na kila zamu ilipofika hawakusema maji ni yetu, walisema ni ya Harub, kwa sababu ilikuwa amana. Wangelibadilisha jina hilo mara moja tu, nisingelishinda. Uaminifu wao ndio niliowashindia.

Shihab hakubisha. Alimtazama arifu akaitikia kwa kichwa, kwamba amesema kweli. Akapakia vitu vyake, akaenda Sur, akawa mlinzi wa ghala la samaki, mtu wa mitende huyo.

Na mimi, bingwa wa makaratasi, nikakaa kungoja tende! Kwetu mnazi haukuombi kitu, unazaa wenyewe, wewe kazi yako kuangua. Nikadhani na mtende ni hivyo hivyo. Sikujua kwamba lazima mtu apande juu ya mti, achukue ua la mtende dume alifunge kwa mkono wake ndani ya lile jike, mti kwa mti, na siku zake zikipita zimepita. Mwaka ule shamba zima lilitoa vitu vidogo vya kijani, havina kokwa wala utamu, hata mbuzi walivikataa. Majirani walikuja kuangalia, wakacheka mpaka wakakaa chini. Mwenye kujua kazi ile nilikuwa nimemfukuza.

Nilikwenda Sur mara moja tu, niliposikia anaumwa. Alinikaribisha kwa kahawa kama mgeni wa heshima, akaanza kuniuliza khabari za mitende, mmoja mmoja, ule khalas wa mlangoni, ule mabsali wa ukutani alioupanda siku aliyozaliwa binti yake Kaltham. Mabsali ule ulikuwa umekauka mwaka wa tatu. Nikamwambia unazaa. Akasema alhamdulillahi, akafurahi. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, kuliko hata ile kesi.

Nimelala hapa nikiiwaza nchi ya Yolanda itakuwaje. Wewe Laith husema wakija wenye mitaji kila kitu kitatengenea. Huenda. Taa zitawaka, na Mungu ajaalie, maana wamekaa gizani vya kutosha. Huenda watu watasema wanalolitaka bila ya kugeuka nyuma kuangalia nani anasikia, na hilo mimi nilipaswa kulitaka zamani, badala ya kujifanya siioni khofu ya watu. Nitawafurahia kama niko hai. Lakini shangwe zikishakwisha atakuja mtu na waraka, na waraka wake utakuwa wa kweli. Hapo ndipo penye msiba. Ungelikuwa wa uwongo, mambo yangelikuwa mepesi. Mtoto wa zile soksi alidhulumiwa. Na Yolanda hakuiba, mama yake na yeye wameliziba lile paa kwa miaka sitini, anajua kila panapovuja. Wakikaa chini wote wawili kabla ya kwenda kwa hakimu, nchi ile inaweza kupona. Wakitangulia kwa hakimu, mmoja atapata nyumba asiyoijua na mwengine atakwenda kulinda ghala.

Nipe maji kidogo, Mazoon. Inatosha.

Basi, ahadi ninayoitaka. Kaltham binti Shihab yuko Sur na wanawe. Nendeni kwake wote watatu, msimpigie simu, mwende wenyewe mkabishe hodi. Zamu yote ya maji ya Harub, na shamba lote mpaka ukuta wa kusini, ni lake. Hii si thuluthi yangu ya wasia ninayomgawia, msije mkaanza hisabu za mirathi. Hii ni haki ya mtu, hutolewa kabla hamjarithi chochote. Nyumba hii mbaki nayo akikubali, na asipokubali mtoke. Laith, najua umeshamleta mhandisi kupima pa kujenga nyumba ya wageni pale kwenye mitende. Nilikuona kutoka dirishani. Usinikasirikie, mwanangu, au nikasirikie, lakini fanya. Wewe ulizaliwa katika chumba walichotuachia. Mkewe Shihab ndiye aliyekupokea.

Na mabsali... mwambieni ule ulikufa. Mwambieni nilimdanganya baba yake. Mpande mwengine hapo hapo, na yeye ndiye aushike mche.

Arifu aite zamu ile maji ya Shihab. Nataka lisikike hapo mferejini.

Basma, bado unaandika? Geuza ukurasa, anza barua ya Havana. Andika: "Yolanda, umeniuliza watu wakirudi hufanya nini. Nilirudi, nikachukua. Walionipokea niliwatoa." Hapo weka nukta. Nilitaka kumwambia afiche kila chenye jina la wenye nyumba wa kwanza humo ndani, avunje na vigae. Sikuweza, wallahi, nisije nikamfundisha mtu kuogopa uaminifu wake kwa ajili ya mtu kama mimi. Bora amkaribishe yule kijana ndani... amkaangie ndizi.

Barua msiipeleke bado. Acheni nafasi chini. Siku Kaltham atakapofungua maji kwa mkono wake, hapo ndipo muimalize, mwandike mlichokifanya. Kama hamkufanya, ipelekeni hivyo hivyo, imjibu ukweli.

Nimechoka sasa. Mungu akuridhieni, wanangu, kama mlivyonivumilia. Akupeni riziki isiyo na machozi ya mtu. Mazoon, nifunike miguu. Laith...

Laith, nipe mkono. Sema basi. Nataka kusikia... utakwenda Sur?