Historia ya Jovithe, Aliyeuliza Watoto Wanalala Wapi

Ndugu waombolezaji, mimi ni Népomuscène, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma na ikaniomba niwe mpole, nimewaambia nitajaribu.

Dada Jovithe alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 huko Ruziba, akasoma hapo hapo shule ya msingi kuanzia 1963 hadi 1969, baadaye akasomea ustawi wa jamii na kuajiriwa Septemba 1977. Tarehe 5 Julai 1980 alifunga ndoa na shemeji yetu Léonce, fundi cherehani wa mtaa wa Asiatique, wakajaliwa watoto wawili, Hugues na Orlane.

Mwaka 1999 alikabidhiwa familia arobaini hapa Kamenge, ambazo watoto wao walikuwa wamechukuliwa na majambazi, wanabebeshwa bastola, wanapenyezwa madirishani, naye akawa anakwenda nyumba kwa nyumba kuwasaidia wazazi kuwarudisha. Juni 2002 akaja Bwana Salvator, mkaguzi wa kazini kwao, kupima mradi huo, akawauliza akina mama mlangoni, "Mutoto eko?", wote wakajibu, "Eko", naye akaandika kwamba watoto wote wamerudi nyumbani. Mtu yeyote wa hapa anajua kwamba kwa vita hivi, mama akisema eko, yaani yupo, anamaanisha bado anapumua. Dada alirudi kwenye milango ile ile akiuliza, "Analala wapi?", na waliokuwa wanalala kwao walikuwa tisa tu. Alimpelekea daftari lenye majibu hayo, Bwana Salvator akalisukuma pembeni, akaandika kwamba mradi umefaulu na hauhitajiki tena, ukafungwa Agosti, dada akafukuzwa kazi kwa jina la mwongo, na kabla ya Krismasi tulikuwa tumeshazika wanne kati ya wale watoto.

Tangu hapo presha yake ilipanda haikushuka, akalazwa Januari, akafariki Jumapili tarehe 9 Februari 2003, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliompikia, na wenzake wawili wa kazini waliothubutu kuja kumwona. Bwana Salvator naye yupo, ameketi mstari wa mbele na shada lake la maua, na sifichi kwamba nimefurahi kumwona, maana nilimwalika mwenyewe. Akina mama thelathini na mmoja wako nyuma yake. Leo hawatapita mbele yetu kutupa pole, watapita mbele yake yeye, mmoja mmoja, kila mmoja amtajie jina la mwanawe na mahali alipo, au alipozikwa, na vijana wetu wamesimama langoni asije akakumbuka kwamba ana haraka.

Dada Jovithe, pumzika kwa amani, na yeye asipumzike.