Midomo ya Bobini

Benchi letu liko hatua moja kutoka ukuta wa kinyozi, na mbele yake ndipo lilipo geti la nyumba yangu. Huwezi kutoka kwangu bila kupita mbele ya magoti ya watu wa pale. Asubuhi ile walikuwepo watatu. Mama Birika, muuza kahawa, anayejua nani kanyweshwa na nani kajinywesha. Redio, karani mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hana pa kuzimia. Na Spana, fundi magari, ambaye gari lake la kukodisha huliegesha hapo hapo, milango wazi ili viti vipate hewa. Mimi wananiita Bibi Udaku na sijawahi kukanusha. Lakini siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu benchi lile lipigiliwe misumari, nilikwenda nikiwa na kazi moja tu: kuwafanya waache kusema na waondoke.

Ndani kwangu alikuwa amelala mtoto wa kaka yangu, fundi cherehani, ambaye mtaa mzima unamwita Bobini, kwa kile kigurudumu cha uzi cha cherehani. Ninyi nawaeleza, wao sikuwaeleza. Bobini anakanyaga cherehani cha miguu kutwa nzima tangu hajaolewa, na ile midomo ya ndani ya huko chini kwa wanawake, yake ilikuwa imerefuka. Kila akikanyaga, inasugulika. Inachubuka, inawaka moto, analia chooni. Hakutafuta urembo, wala si ule ukataji wanaolazimishwa wasichana. Ni mtu mzima, alijipeleka kwa daktari, wakaelewana, akapunguzwa na kushonwa kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe.

Muuguzi alitukalisha akatuambia ya kutegemea. Kuvimba kupo, kuvilia damu kupo, na kukianza kuwasha msiogope, ndiyo kupona huko. Alale sana, avae nguo pana, anawe kwa maji ya uvuguvugu na ajikaushe kwa kugusagusa, asisugue. Lakini upande mmoja ukizidi kufura na kuwa mgumu, na maumivu yakipanda badala ya kushuka, msikae nyumbani kusubiri.

Basi asubuhi ile upande wa kushoto ulikuwa umefura kuliko jana yake, mgumu kama limau bichi, na vidonge vya maumivu havikufua dafu. Nikasema twende. Akasema yeye hapiti mbele ya benchi akitembea kama bata.

— Waondoe kwanza, Shangazi.

Tena wateja wake alikuwa amewatumia ujumbe mwenyewe: "Nimefanyiwa upasuaji mdogo wa midomo. Nikipona nitafungua." Uongo haumo humo. Ni maneno mawili tu yaliyobaki nyumbani.

— Bibi, karibu, alisema Mama Birika. Mgonjwa na midomo yake anaendeleaje?

— Anaendelea. Na ninyi, leo hamna kazi?

— Kazi ni hii, alisema Redio. Spana, sogea Bibi akae.

— Sikai.

— Hata yeye hakai, alisema Spana.

Nikamgeukia.

— Nani kakwambia?

— Nilimwona dirishani kwako. Anakula kasimama. Halafu anatembea miguu imeachana hivi, kama katoka kuendesha baiskeli isiyo na kiti. Nikajiuliza, midomo na miguu, wapi na wapi.

— Wewe unachungulia dirisha langu?

— Nilikuwa naangalia tairi, Bibi. Dirisha likajileta.

Nikaona hapa nisipowahi, mambo yataharibika. Nikasema kinyozi anataka benchi lake, analipaka rangi. Kinyozi akatoa kichwa nje, akasema rangi gani, akarudi ndani. Sijawahi kumpenda yule kinyozi.

— Mimi nitawaambia, alisema Redio, na akakunja mguu, maana yake hatoki leo. Mdomo una mshipa. Mshipa ule unapita shingoni, unashuka mgongoni, unaishia kwenye magoti. Mtu akiogopa, nini kinamkauka?

— Midomo, alisema Mama Birika.

— Na nini kinamlegea?

— Magoti.

— Umeona. Ni waya mmoja. Ukikata juu, chini kunazima.

Spana akafikiri. Spana akifikiri hushika sikio.

— Kwenye gari ipo hiyo, alisema. Taa ya mbele ikipiga shoti, unakuta breki nayo inasumbua.

— Sasa mtu anakaa nyumbani na breki mbovu, na Bibi kanyamaza.

Simu ikatetemeka kifuani kwangu. "Wameondoka?" Nikaandika "bado".

Ndipo nikapata akili nyingine. Watu hawa wanakaa kwa sababu ya birika. Likiisha, wataondoka. Nikanyosha kikombe.

— Nimiminie, Mama.

— Wewe si ulisema kahawa inakukosesha usingizi?

— Nani anataka usingizi. Mimina.

Nikanywa ikiwa ya moto, ikaniunguza ulimi, nikanyosha tena. Mama Birika akaniangalia kama anavyomwangalia mtu aliyefiwa, akamimina. Lakini kumbe huruma nayo inafungua mdomo.

— Mimi sikutaka kusema, alisema. Ila naona pale pana paja.

— Paja gani? aliuliza Redio.

— Madaktari wa siku hizi wakitengeneza mdomo, wanachukua nyama mahali pengine. Wamemchuna paja wakambandika mdomoni. Ndiyo maana hatembei sawasawa. Kule kuna pengo.

Redio akakubali mara moja, na Redio huwa hakubali kitu.

— Kwa hiyo sasa Bobini akisema neno, linaongea paja.

— Akinuna je? alisema Spana.

— Akinuna, miguu inakunjana yenyewe.

Wakacheka mpaka benchi likasogea. Na mimi, Mungu anione, nikacheka, nikamwaga kahawa kwenye gauni. Halafu nikakumbuka yule mtoto aliyelala ubavu kule ndani anang'ata shuka, nikajifuta mdomo.

— Mnamcheka mgonjwa, nikasema. Nendeni mkafanye kazi.

— Hatumcheki, tunamtibu, alisema Redio. Tatizo lake mmemfungia. Midomo isipofanyiwa mazoezi inaganda. Mwambie aipanue na kuifunga, aipanue na kuifunga, asubuhi na jioni. Kisha achukue maji ya chumvi ya moto kweli kweli, na mswaki mgumu, asugue.

— Asugue na mswaki?

— Mswaki, Bibi. Wewe umenitolea macho ya nini?

— Asiguse. Tena nasema asiguse. Maji ya uvuguvugu, na kukausha taratibu.

— Basi apake pilipili, damu itembee, alisema Mama Birika.

Nikajikuta nimebana miguu yangu mwenyewe.

— Na shemeji yetu je? alisema Spana, kwa adabu yake ile ya uongo. Mume wa Bobini. Ataruhusiwa lini kumkaribia, kama ni kabusu kadogo tu?

— Daktari kasema wangoje kama mwezi na nusu.

Ulimi wangu huo. Miaka yote ninautumia, siku ile ukanitumia wenyewe.

— Mwezi na nusu kwa busu? alisema Redio. Hiyo ni midomo au ni saruji inakaushwa?

— Daktari mwenyewe kasema.

— Na kukaa juu ya kiti?

— Asikae muda mrefu kwenye kitu kigumu.

— Kwa sababu ya mdomo.

— Kwa sababu ya... kwa sababu kasema.

Redio akanitazama kwa jicho moja. Alikuwa karani miaka mingi, na karani akisikia hesabu haijumlishiki, hata kama hajui kosa liko wapi, haachi. Simu ikatetemeka tena. "Shangazi inauma zaidi. Inagonga kama moyo." Nikamwambia Mama Birika anipe iliyobaki yote.

— Bibi, utakufa.

— Nife nimeshiba. Mimina.

Akainamisha birika, yakatoka machicha, akaligonga kitako, akasema kahawa imekwisha. Nikawatazama mmoja mmoja. Hapa ndipo watu wenye adabu hujipangusa magoti na kusema haya, tutaonana.

Hakuna aliyenyanyuka. Spana akanyosha miguu katikati ya njia. Redio akasema afadhali, kahawa ilikuwa inamkatiza maneno.

Nikataka kulia. Ningeweza kusema. Maneno mawili tu, "ya chini", wangetoka hapo kama kuku waliomwagiwa maji. Lakini nilikuwa nimeapa, na yule mtoto kwa kuwa ananijua aliniapisha mara mbili. Kama ningesema, angenitazama vipi tena? Na nisiposema, ingekuwaje huko ndani?

Nikiwa nimesimama hivyo, akaja mwanamke na gauni mkononi. Ni mpangaji mpya, kahamia mwisho wa mtaa, hata jina hatujampa bado. Akasalimia vizuri, sote tukaitikia.

— Samahani, alisema. Nimekuta kwa fundi cherehani kumefungwa. Atafungua lini? Nataka apandishe pindo hili.

— Ah, huyo anaumwa, dada, alisema Redio, amefurahi kupata sikio jipya. Kafanyiwa upasuaji wa midomo.

— Pole yake.

— Sasa inamsumbua. Hawezi kukaa, alisema Mama Birika.

— Anatembea miguu imeachana, alisema Spana.

— Asiguse, asisugue, avae nguo pana, alisema Redio akihesabu kwa vidole, na mume asimkaribie mwezi na nusu.

Yule mwanamke alisikiliza yote. Akamtazama mmoja, akamtazama wa pili. Hakuwa anatania. Aliuliza kama mtu anavyouliza njia ya kwenda sokoni.

— Midomo ipi?

Redio akafungua wake ajibu. Ukabaki wazi.

Mama Birika mkono wake ulikwenda juu ukagusa mdomo, ukasita, na polepole ukateremka ukaishia kwenye aproni, na hapo akaukunja kama mtu aliyeshika kitu cha wenyewe. Spana alitazama geti langu, akatazama kiti cha nyuma cha gari lake, akavuta miguu yake kutoka njiani na kuikusanya chini ya benchi.

— Kwani binadamu anayo mingapi? alisema Redio, lakini sauti ilikuwa imeshamwishia katikati.

Jibu nilikuwa nalo mimi.

Benchi lile nimelijua tangu lina harufu ya mbao mbichi, sikuwahi kulisikia limenyamaza. Mama Birika akanitazama, machozi yakamlenga. Akasema kwa sauti ndogo:

— Na mimi nilisema pilipili.

— Bibi, alisema Spana, anatazama angani. Gari lipo. Mimi sijauliza kitu.

— Tena upande mmoja umefura vibaya, nikasema. Asubuhi hii.

— Basi tunasubiri nini?

Sasa kilichofuata sikukipanga. Redio alisimama, akageuka, akakaa tena kinyume, uso ukutani, magoti yamegusa rangi. Mama Birika akageuka naye, akakaa kando yake, birika tupu mapajani. Wakatulia hivyo, migongo miwili, kama watoto walioadhibiwa. Spana alifungua mlango wa nyuma, akaenda mbele, akashika usukani na kufumba macho kabisa.

Nikaandika: "Njoo. Hakuna anayekuona."

Alitoka ameshika geti, akipiga hatua fupi fupi, jasho juu ya mdomo wa juu. Nikamshika kiuno. Alipoona ile migongo miwili alisimama.

— Umewaambia, Shangazi.

— Wallahi si mimi.

Nafikiri ndiyo mara ya kwanza aliniamini. Akapita mbele ya benchi kwa mwendo wake wa bata, mbali mbali miguu, hana haraka, na hakuna shingo iliyogeuka. Tukamlaza ubavu kwenye kiti cha nyuma, kichwa juu ya mapaja yangu. Spana akauliza, macho bado kafumba, kama anaweza kufumbua sasa aendeshe.

Ya hospitali nitawapa kwa kifupi ili msilale na wasiwasi: damu ilikuwa imejikusanya chini ya ngozi, wakaitoa, na muuguzi akasema vizuri hatukungoja jioni. Spana alizunguka njia ndefu kukwepa mashimo, kwenda na kurudi.

Lakini tulipokuwa tunaondoka pale benchini, dirisha la gari lilikuwa wazi, na nyuma yetu nilimsikia yule mpangaji mpya, gauni lake bado mkononi, akiwauliza wale wawili:

— Samahani, mnaangalia nini hapo ukutani?