Nani Apande na Ndaya

Benchi la Mama Brigitte, muuza kahawa, liko mkabala na lango la hospitali, Dilala, na wanaolikalia hawajawahi kukosa jibu. Mchana huo walikuwa watatu: Kalumba, aitwaye Katiba kwa kuwa kila jambo ana kifungu chake, Stany Pistoni, dereva mstaafu wa malori ya mgodi, na Barnabé, ambaye kwa uchovu kahawa ilikuwa inampoa mkononi. Mkewe Ndaya alikuwa akipumua kwa chupa ya oksijeni, na ambulansi ilikuwa inaandaliwa kumpeleka Lubumbashi. Barnabé aliogopa jambo moja tu: mkewe afe njiani, yeye hayupo.

— Nani anapanda na mugonjwa? aliuliza Katiba.

— Mama mukwe mbele, na dereva. Nyuma kuko biti mbili tu za kuikala: baba mukubwa wa Ndaya, na mi.

— Baba mukubwa moja tu? Bakwe batasema unamutuma mutoto wabo sawa muzigo. Ongeza pasta!

— Pasta wa nini? alidakia Pistoni. Kitu ni mwendo. Dereva akikimbia sana, gari inaruka mashimo yote. Mugonjwa analala tu.

— Mashimo ya huku? alipinga Katiba. Itaruka mupaka wapi?

— Basi muipe uzito. Magunia mbili ya makala chini ya kitanda, gari inatulia. Na ku Lubumbashi batapikia mugonjwa.

— Na sirene bazime, aliongeza Katiba. Mutu akisikia sirene, anazani njo anakufa, anakufa kweli.

Tangu asubuhi Barnabé alikuwa akilishwa maneno ya namna hiyo.

Simone, muuguzi, akatoka langoni na mkoba begani. Nyuma yake ambulansi ilikuwa wazi, baba mkubwa keshaketi ndani, kofia magotini.

— Tata Barnabé, banamuingiza mama Ndaya sasa. Mi njo nitachunga ile chupa njiani. Nitaikala wapi?

Katiba akachungulia kikombe chake. Pistoni akageukia barabara. Katika wote waliowapakia humo, hata magunia ya makaa, hakuna aliyemkumbuka muuguzi.

Barnabé akamtazama baba mkubwa. Mzee wa mkeo humshushi garini mbele za watu. Hata Ndaya angepona, neno hilo lisingepona. Akainuka.

— Fasi yangu, mama. Ikala pale.

Akampisha njia.

— Akifungua macho, umwambie niko nyuma. Nakuya na basi.