Koplo Funguo, Aliyekosa wa Kumkabidhi

Marehemu, koplo wa polisi ambaye wengi walimwita Funguo, alizaliwa tarehe 3 Machi 1971, kitindamimba wa fundi viatu na mkunga. Alisoma hadi kidato cha nne. Hakuwahi kuongoza darasa, ila waliopigana waliletwa kwake awapatanishe, maana alijua kungoja hasira ipoe.

Alijiunga na polisi mwaka 1992, akapangiwa doria. Mwaka 1996 alimwoa mwalimu wa chekechea, wakajaliwa mabinti wawili. Mwaka 2009 alihamishiwa mahabusu “kwa wiki mbili tu.” Wiki hizo zilimla miaka kumi na minne.

Kwenye karatasi kituo kilikuwa na askari kumi na wawili. Wanne walisindikiza washtakiwa mahakamani. Kila mahabusu aliyelazwa hospitali alilindwa na wawili. Jina la marehemu liliandikwa doria na likaandikwa mahabusu, siku hiyohiyo. Raia aliyeibiwa aliambiwa askari hakuna, na mwenye funguo za selo haruhusiwi kutoka bila kumkabidhi mwenzake. Amkabidhi nani, ukuta?

Mwizi mmoja wa betri alimtania, “Mzee, mimi nina dhamana. Wewe unatoka lini?” Marehemu alicheka mpaka akakaa chini.

Mwaka 2022 moyo ulianza kumsumbua. Daktari alimpa tarehe tatu za kliniki, zote zikapita kwa kunyimwa ruhusa. Dada yake, muuza mbao asiyejua kubembeleza, akamfuata kaunta.

“Vua hiyo kofia, twende.”

“Dada, watu wangu nimwachie nani?”

“Watu wako ni sisi! Hao ni wageni wa serikali.”

Hakwenda.

Tarehe 14 Juni 2023, saa nne asubuhi, alianguka mbele ya selo. Mahabusu walikuwapo kumi na tisa, askari mwingine hakuwapo hata mmoja. Waligonga milango dakika arobaini. Mmoja alipenyeza mkono kwenye nondo, akamshika kiganja hadi kikapoa.

Juzi mkuu wa kituo alikuja msibani, akamwambia dada wa marehemu, “Mama, kwenye wasifu someni kwamba alifariki ghafla.”

“Afande, nimeuza mbao miaka thelathini,” dada akamjibu. “Ubao ulioliwa na mchwa hauvunjiki ghafla.”

“Basi someni mtakavyo. Ila gwaride la heshima halitakuwapo, askari hawatoshi.”

Ndiyo maana jeneza limebebwa na wakwe na majirani.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja na dada yake.

Apumzike kwa amani. Sasa hakuna mkubwa wa kumkatalia ruhusa.