Wamuyu na Neno la Kila Jumamosi

Tabitha Wamuyu Waithaka, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Natalie na wengine mlimjua kwa chai yake tu, alizaliwa Dundori tarehe 14 Machi 1961. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kamande na marehemu Wangare, wakulima wa viazi. Wasifu wake unasomwa na Ndung'u, kitinda mimba wa nyumba hiyo, ambaye marehemu alimbeba mgongoni mpaka akawa mkubwa wa kuona haya.

Tangu utotoni Wamuyu hakujua kudanganya, na jambo hilo liliisumbua familia. Siku moja baba yake alimpeleka sokoni amsaidie kuuza viazi. Mnunuzi akauliza kama gunia ni zuri mpaka chini. Wamuyu, ambaye hakuwa amefika hata kiuno cha gunia lenyewe, akajibu kabla ya baba kufungua mdomo: "Juu ni vizuri. Chini baba ameweka vidogo." Mzee Kamande hakumpeleka sokoni tena. Mpaka anazeeka alikuwa akilalamika kwamba Mungu alimuumba hakimu halafu akaacha azaliwe kwa mchuuzi. Tunaomba mlikumbuke gunia hilo.

Alisoma shule ya msingi huko huko Dundori na kufanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1975. Alipita vizuri, akaingia shule ya upili ya kutwa, lakini alipofika kidato cha pili mama yetu aliugua miguu. Dada wakubwa walikuwa wameshaolewa, kwa hivyo Wamuyu ndiye aliyeacha vitabu na kushika ndoo ya maziwa. Alisema mara moja tu kwamba ilimuuma. Baada ya hapo alisema ng'ombe hangojei mtu amalize kuumwa na moyo, na hakulizungumzia tena.

Mwaka 1983 jirani alimwoza binti yake na kuleta bendi kutoka Nakuru. Mpiga gita na mwimbaji wa bendi hiyo alikuwa Waithaka. Vijana wa leo hawawezi kujua Waithaka wa siku hizo alikuwa nani. Redio zilipiga nyimbo zake asubuhi na jioni, na akishuka jukwaani wasichana walimzunguka kama kuku waliomwagiwa mahindi. Wote walimsifu. Wamuyu, aliyekuwa akipita na sufuria ya mchuzi, alisimama akamwambia, "Wimbo wa pili ni mzuri. Ule wa kwanza umeuiba mahali." Mzee Waithaka husema kwamba alikuwa amesifiwa na watu wengi sana kufikia siku hiyo, lakini sifa ya wimbo wa pili ndiyo ya kwanza aliyoiamini. Walifunga ndoa kanisani tarehe 20 Aprili 1985, wakahamia hapa Kariandusi, na Mungu akawajalia Natalie na Kamande.

Marehemu alipika katika hoteli moja ya Gilgil kwa miaka mingi. Mwaka 1998 aliacha, akaanza kuuza chai, mandazi na viazi vya kuchemsha kando ya kiwanja kile mnachokiona ng'ambo ya ua. Wageni kutoka mbali huenda hawajui kwamba hapa kwetu kuna besiboli. Mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka ng'ambo aliiacha nyuma alipokwenda kwao, pamoja na marungu mawili na glavu zilizochanika, na vijana wa machimbo ya udongo mweupe ya hapa kwetu wakaunda timu. Kwa sababu ya vumbi jeupe la machimbo, linalowaacha mwisho wa mechi kama waliopakwa unga, timu ikaitwa Vumbi.

Katika mchezo huo, anayepiga mpira hukimbia vituo vitatu kabla ya kurudi pale alipoanzia, na hapo mashabiki wetu hupaita nyumbani. Usipofika nyumbani huna pointi. Vumbi wana ugonjwa wao: hufika kituo cha tatu, wakasimama pale, na asipatikane mtu wa kupiga mpira wa kuwaleta. Maneno hayo yameingia mpaka majumbani. Hapa Kariandusi ukichumbia na mahari ikakwama, umebaki ya tatu. Mvua ikikatika mahindi yakiwa yanatoa nywele, shamba limebaki ya tatu.

Kila Jumamosi mashabiki walikaa kwenye benchi karibu na birika la Wamuyu. Wakubwa wao walikuwa Mzee Kibii, dereva mstaafu wa malori ya machimbo, na Muiruri, fundi viatu. Mazungumzo yao yalikuwa mawili tu: timu, na wanamuziki wa zamani waliozeeka. Nani bado ana sauti, nani anaimba kwa kuhema, nani amebakiza kofia peke yake. Watu waliozoea kushindwa hupenda kuwahesabu wenzao. Wamuyu aliwamiminia chai na kuwachapa kwa ulimi, nao walimpenda kwa sababu alikuwa hampaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Desemba 2018 Waithaka aliitwa kuimba katika klabu moja mjini Nakuru. Wimbo ulipofika katikati, sauti ilimkatikia. Alijaribu tena, ikakatika tena, watu wakaanza kucheka, na mtu mmoja akarekodi kwa simu. Alirudi nyumbani, akatundika gita ukutani, akakaa.

Jumamosi iliyofuata Wamuyu alikwenda kiwanjani kama kawaida, na yaliyosemwa yalisemwa akisikia.

"Hii timu itatumaliza," Muiruri alilia. "Cheki Kipyegon amesimama ya tatu kama kigingi. Hakuna wa kumleta nyumbani."

"Afadhali Kipyegon," Kibii akamjibu. "Uliona ile video ya Mzee Waithaka? Sauti imeisha kabisa. Hawa wazee wa gita wangekuwa wanaretire tukiwa bado tunawapenda. Pole, Mama Natalie, lakini si wewe ndio hupenda ukweli?"

Wamuyu aliweka birika chini. "Hii timu yenu mmeishabikia tangu Natalie akiwa nasari. Haijawahi shika kikombe hata cha plastiki. Mbona hamuiambii iretire?"

"Timu inabadilisha wachezaji, mathe," Kibii alisema, na hakusema kwa ubaya. "Koo haibadilishwangi."

Wamuyu hakupata la kujibu. Mliomjua mnaelewa uzito wa sentensi hiyo. Jioni alifunga vyombo vyake, akavuka kiwanja, akafungua geti. Mume wake alikuwa mlangoni, na alimuuliza swali ambalo hakuwa na desturi ya kuuliza: "Wamesema nini huko?"

"Wamekuulizia," Wamuyu alisema. "Wanataka kujua utarudi lini."

Hapo ndipo marehemu, akiwa na miaka hamsini na saba, alipoweka viazi vidogo chini ya gunia kwa mara ya kwanza. Waithaka alishusha gita, akakaza nyuzi. Jumamosi iliyofuata Wamuyu alimwambia tena, na iliyofuata tena. Wakati mwingine aliongeza kwamba Muiruri ameuliza kuhusu ule wimbo wa pili. Ikawa hivyo kwa zaidi ya miaka sita, na kila Jumamosi jioni sisi majirani na ndugu tulisikia gita likilia hapa mlangoni, na sauti ya Mzee ikipanda polepole na kukatika palepale.

Mwezi wa Januari mwaka huu chakula kilianza kumkwama marehemu. Alidhani ni mandazi. Baadaye ikawa uji, baadaye maji. Hospitalini Nakuru aliambiwa ni kansa ya koo la chakula. Alimwomba daktari asizungushe maneno, daktari hakuzungusha, naye akamshukuru. Alitibiwa kwa mionzi, akawekewa mrija wa kumlisha tumboni, na kuanzia Juni hakutoka kitandani. Tuliomba. Tulifunga. Wanawake wa kanisa walikesha. Hatukujibiwa, na hatutasimama mbele ya jeneza la dada yetu kusema kwamba tulijibiwa kwa njia nyingine. Yeye mwenyewe asingetuvumilia tukisema hivyo.

Sauti ilipungua mpaka ikawa pumzi tu. Jumamosi moja mwezi wa Agosti, Waithaka alikuwa akimlowesha midomo kwa kitambaa, Natalie akishika bakuli la maji. Ng'ambo ya ua Vumbi walikuwa wakicheza na kelele zilisikika. Wamuyu, ambaye alikuwa hajakanyaga kiwanjani tangu Pasaka, alimvuta mume wake mkono wa shati.

"Wamekuulizia," alisema.

Mzee hakuinua macho. Alikamua kitambaa. "Umewaambiaje?"

"Nimewaambia unakuja."

Natalie aliweka bakuli chini, akatoka nje kulia. Baba yake alipomfuata, Natalie alimuuliza kama alikuwa akijua kwamba hakuna anayemuulizia. Mzee akasema amejua tangu siku ya kwanza.

"Hii nyumba wanaiona wakiwa wamekaa kwa hiyo benchi," alisema. "Mtu hawezi kukuulizia miaka sita na hajawahi kufungua geti."

"Sasa mbona ulikuwa unafanya mazoezi, Baba?"

"Si mama yako alikuwa jikoni anasikiza?"

Marehemu alituacha Jumatatu, tarehe 8 Septemba 2025, saa nane mchana, hapa nyumbani, akiwa na miaka sitini na minne. Hakuacha neno la mwisho. Alikuwa ameangalia ukutani lilipotundikwa gita, au labda alikuwa ameangalia ukuta tu.

Natalie hakuweza kukaa na siri hiyo ya wazazi wake moyoni, akawaeleza watu wa benchi. Jumatano, wakati wa maombi, Mzee Kibii alikuja na wenzake, kofia mkononi. Ametukubalia tuyasome haya, na yuko hapa leo kwenye viti vya nyuma. Alisimama mbele ya Waithaka, akasafisha koo mara mbili.

"Mzee," alisema, "tumekuja kukuulizia."

Waithaka alimpa mkono. Hakuwa na hasira, na ingekuwa rahisi kwetu sote kama angekuwa nayo. "Kibii," alisema, "asante kwa kuja. Lakini hilo neno lilikuwa na mwenyewe, na ameenda nalo." Kibii ni mtu mzima na amezika wengi. Alilia mpaka Muiruri akamshika bega na kumtoa nje.

Kamati ya mazishi ilikuwa imeyaondoa haya yote kwenye programu. Walisema haifai kusema siku ya kumzika kwamba marehemu alidanganya, na kwamba inatosha kuandika alikuwa mke mwema. Mzee alituma ujumbe kwamba yakiondolewa, yeye hatatoka chumbani. Alisema wake wema ni wengi, lakini mtu ambaye hajui kudanganya, akajifunza uzeeni kwa ajili yako, hajamwona mwingine. Mchungaji atatuambia baadaye kwamba Wamuyu amefika nyumbani, nasi tunaamini amefika. Mzee ametuomba tuandike pia kwamba yeye amebaki ya tatu. Tumeandika, na hatukujua la kuongeza.

Marehemu ameacha watoto wawili, Natalie wa Njoro na Kamande wa Nakuru; mkaza mwana, Chepkemboi; wajukuu Sue, Kiplangat na Wamuyu mdogo, ambaye ana jina lake na tayari ana mdomo wake; ndugu na dada wa Dundori; na benchi moja la mashabiki ambalo tangu Pasaka halina chai.

Ameacha pia mume wake, Waithaka. Leo ni Jumamosi. Vumbi wameahirisha mechi kwa heshima ya marehemu, kwa hivyo hata kelele hazitakuwapo. Hema likishashushwa na viti vikishakunjwa, Mzee atakaa pale mlangoni kama alivyozoea, akiangalia geti, na hakuna atakayelifungua na kumwambia ameuliziwa.

Apumzike kwa amani, ile ambayo hakutuachia.