Maisha ya Mama Micheline Uyirwoth, Mkunga Aliyepima Mate ya Watoto Wachanga

Padri wetu, wazee wa avenue, mtaa wetu huu, ndugu na jirani mliokuja kulia pamoja nasi, mimi ni Joyeuse, mtoto wa pili wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa namwandikia barua zake, ingawa masomo yangu yalisimama darasa la nane.

Micheline Uyirwoth alizaliwa tarehe 6 Juni 1981 huko Mahagi, mtoto wa nne wa Mzee Olivier Ucoun na Mama Geneviève, akasoma shule ya msingi palepale toka 1988 mpaka 1994, kisha akaja Bunia kwa masomo ya uuguzi, na akapata diploma ya ukunga mwaka 2004, akiwa amechelewa kwa sababu ya vita.

Alianza kazi Februari 2005 kwenye kituo cha afya huko Fataki, na huko alifunga ndoa kanisani tarehe 12 Agosti 2006 na baba yetu, Hippolyte Ngabu, mkulima, wakapata watoto watatu, Yannick mwaka 2007, mimi mwaka 2009, na Patou tarehe 3 Mei 2016.

Patou hasikii. Mama, aliyepokea watoto wa watu wengi, hakujua hilo kwa miaka mitatu, maana kila mtu alimwambia wavulana wanachelewa kusema, mpaka Juni 2019 tulipokimbia Fataki, risasi zikalia nyuma yetu, sisi wote tukalala chini, Patou akabaki amesimama njiani akitazama kuku.

Tulipofika Bunia, daktari alimweleza Mama kwamba kuna virusi vinavyoitwa CMV, vinavyoweza kumpata mtoto tumboni bila mama yake kuugua, na kuharibu masikio polepole, lakini mate ya mtoto yapimwe kabla hajapita siku ishirini na moja, kwani baada ya hapo hakuna anayejua kama alivipata tumboni au hapa duniani. Kwa hiyo juu ya Patou hatukupata jibu, na hatutalipata.

Toka siku ile Mama aliomba kipimo hicho ofisi kwa ofisi, zaidi ya miaka mitatu, akijibiwa kwamba kuna kipindupindu, kuna surua, kuna majeruhi, masikio yangoje, na hawakusema uongo, lakini hakuna hata mmoja aliyemwambia yangoje mpaka lini. Machi 2023 mradi mmoja ulileta vijiti vya pamba vya kuchukulia mate mdomoni mwa mtoto, na vijiti thelathini na kimoja vya kwanza viliharibika vyote, kwa sababu kwetu mgeni akiingia mzazi humpa mtoto titi ili asimlilie mgeni, na maziwa ya mama yenyewe yanaweza kubeba virusi hivyo, basi maabara ikakataa majibu.

Mama alilia kwa hasira, kisha akaanza kungoja, saa nzima katika kila nyumba, mtoto asinyonye. Wengine walisema anawapelekea wachawi mate, wakamwita Mama Mate, na bibi mmoja alimzuia mlangoni, akisema, "Weye Mama Mate, kwako mate hakuna?" naye akajibu, "Iko, bibi, lakini yangu imezeeka, nipe ya mujukuu," bibi akacheka, akampa kiti.

Watoto wawili walipatikana na virusi hivyo, na mmoja wao, Mbuyi, masikio yake yalianza kupoteza nguvu akiwa na miezi kumi, lakini wazazi walikuwa wanajua la kuangalia, na leo wanaongea naye kwa mikono, mwalimu wao akiwa Patou.

Tarehe 18 Agosti 2025 Mama alianguka kazini kwa presha, akalazwa, figo zikakataa, mashine ya kusafisha damu ilikuwa mbali nasi, na akatuacha Jumanne tarehe 9 Septemba, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na minne. Kitandani aliuliza kila siku nani amezaa. Tulimwambia Ketsia, jirani yetu, amezaa tarehe 22 Agosti, akasema apimwe, na mara mbili watu walikwenda, mara ya kwanza hawakuwa na kijiti, mara ya pili mtoto alikuwa titini na hawakutaka kungoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, jirani waliotupikia, na wenzake wa kazi, zaidi Fabrice, aliyekuja leo na kijiti mfukoni.

Ketsia, dada yangu, leo ni siku ya ishirini, mpe mtoto titi sasa hivi, kisha usimpe tena mpaka Fabrice amalize, na akilia tukiwa kaburini mwache alie, hapa hakuna mgeni.

Mama, umengoja vya kutosha, pumzika kwa amani.